Hasira, Ghadhabu na Hamaki: Juu ya Kutafsiri Maneno ya Kiingereza Yatajayo Hisia Kali

Miongoni mwa maswali yaletwayo mara kwa mara katika meza yetu ya istilahi, machache huonekana mepesi kama yale yahusuyo maneno ya hisia. Mwulizaji hutuandalia orodha ya maneno ya Kiingereza upande wa kushoto, huacha nafasi tupu upande wa kulia, kisha hutuomba tuijaze. Orodha ya karibuni ilikuwa na maneno sita: "anger", "rage", "fury", "wrath", "indignation" na "resentment". Mwenyewe alikwisha kujaribu kuijaza kwa penseli. Mbele ya neno la kwanza aliandika hasira. Mbele ya la pili, hasira kali. Mbele ya la tatu, hasira kali sana. Mbele ya la nne, hasira kali mno. Alipofika la tano na la sita penseli ilisita, naye akaweka alama ya kuuliza.

Hatumcheki ndugu huyu, kwani sisi wenyewe tumepata kufanya vivyo hivyo. Wala jambo lenyewe si la mzaha. Mwenye orodha ile ni mtu ambaye kazi yake ni kutafsiri kumbukumbu za mahakama, na huko, kama tutakavyoonyesha hapa chini, tofauti baina ya hasira ya namna moja na hasira ya namna nyingine yaweza kuwa tofauti baina ya kuhukumiwa kunyongwa na kuhukumiwa kifungo. Kwa sababu hiyo tumeonelea vema tumjibu hadharani, tena kwa urefu kidogo. Maneno ya Kiingereza ya hisia kali hayakupangwa kama vipandio vya ngazi, kila moja likiwa na ukali uliozidi lile la chini yake. Na hata kama yangalipangwa hivyo, Kiswahili kimezipanga hisia zake zaidi kwa vitenzi na kwa viungo vya mwili kuliko kwa majina. Mfasiri atafutaye jina kwa jina atarudi mikono mitupu, au, jambo lililo baya zaidi, atarudi na "hasira kali mno".

Maneno ya Kiingereza yalikotoka

Yafaa tuanze na neno lijumuishalo hisia zote, yaani "emotion". Wengi hudhani kuwa ni neno la kale, lenye umri wa lugha yenyewe. Sivyo. Liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa katika karne ya 16, na asili yake ya Kilatini ni kitenzi chenye maana ya kuondosha kitu mahali pake, kukisukuma nje. Hapo mwanzo lilitaja ghasia na misukosuko, hata ya watu barabarani. Wanafalsafa wa Uingereza walipotaka kuzungumzia mambo ya moyo walizoea kusema "passions" na "affections". Mihadhara ya Thomas Brown wa Edinburgh, iliyochapishwa mwaka 1820 baada ya kufa kwake, ilisaidia sana kulifanya "emotion" kuwa neno la kitaaluma. Na Charles Darwin alipotoa mwaka 1872 kitabu chake juu ya namna binadamu na wanyama waonyeshavyo hisia, neno hilo lilikuwa limekwisha kukaa kitako.

Neno "passion" lina historia nyingine, na tunawaomba wasomaji waliweke akilini maana tutalikuta tena mahakamani. Latokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuteseka au kupatwa na jambo. Ndiyo maana Wakristo wa Uingereza wakisema "Passion" ya Yesu sisi husema Mateso. Tumepata kuona ratiba ya muziki wa Pasaka ambamo neno hilo lilifasiriwa "shauku", na tukajiuliza waumini walipoisoma walifikiri nini. Mtu mwenye "passion", kwa asili ya neno, si mtendaji bali ni mtendwa: kuna kitu kimempata.

Sasa tuitazame familia ya hasira. "Anger" lilifika Uingereza pamoja na watu wa kaskazini, wasemaji wa lugha ya kale ya Skandinavia, na katika lugha hiyo lilikuwa na maana ya huzuni na taabu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba neno letu hasira limesafiri njia hiyo hiyo: wachunguzi wa asili ya maneno hulihusisha na neno la Kiarabu lenye maana ya majuto na huzuni ya moyoni. Lugha mbili zisizo na udugu wowote zimechukua kila moja neno la msiba kutoka ng'ambo ya bahari, zikalifanya neno la ghadhabu. Mwenye kujua jinsi matanga yanavyoweza kugeuka ugomvi hatahitaji maelezo zaidi.

"Rage" latokana na neno la Kilatini lililotaja kichaa cha mbwa. Asili hiyo haijafutika: atajwaye kwa neno hili ni mtu aliyetokwa na akili, asiyesikia aambiwalo. "Fury" lina undugu na jina la miungu wa kike wa kisasi wa Warumi, na shabaha yake ni uharibifu. Ndiyo maana dhoruba au moto wa msituni huweza kuwa na "fury", ingawa havina moyo. "Wrath" ni neno la Kiingereza cha kale, ambalo leo husikika zaidi katika Biblia na katika maandishi ya kutukuza, nalo hutazama cheo cha aliyekasirika. Mungu ana "wrath", mfalme anayo. Mtoto mchanga aliyenyang'anywa kijiko hana, ila kwa mzaha. "Indignation" hutazama haki, kwa kuwa asili yake ni kuona kwamba jambo halistahili. Mtu hawezi kuwa na hisia hiyo bila ya kudai, angalau moyoni mwake, kwamba mtu fulani amekosa. "Resentment" hutazama wakati: latokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kuhisi tena, nalo ni hasira iliyowekwa, ikatolewa, ikawekwa tena.

Msomaji aona basi kwamba hakuna hata moja kati ya maneno haya lipimalo joto peke yake. Laiti yangalipima joto tu, kipimajoto kingalitosha na istilahi zisingalihitajika.

Kiswahili kinavyosema

Tukigeukia upande wetu, kosa la kwanza la wafasiri ni kuamini kwamba Kiswahili kina neno moja tu, hasira, na kwamba hayo mengine ni mapambo. Mwenye kukaa kibarazani jioni moja akasikiliza wazee wakisimulia ugomvi wa zamani atajua kuwa si kweli. Watu hukasirika, hughadhibika, huhamaki. Hufura, huvimba, huwaka. Hununa, hususa, huzira, hukunja ndita. Kwa hasira ya kimya, ile isiyotoa sauti lakini huifanya nyumba nzima itembee kwa ncha za vidole, Kiingereza hakitupiti hata kidogo. Mfasiri atafutaye neno la Kiingereza la kuzira, likiwa na maana yake yote ya kukataa chakula au haki yako mwenyewe ili mwenzako aone aibu, atahangaika kutwa.

Majina nayo yapo. Ghadhabu ni nzito, tena ni ya mkubwa. Waliotafsiri Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, waliitumia kwa hasira ya Mungu, na kwa maoni yetu hawakukosea: panaposemwa "wrath", mara nyingi ghadhabu hutosha. Ghaidhi ni kali kuliko ghadhabu, ila siku hizi wengi wakaao mbali na pwani hawaijui, na istilahi isiyojulikana ni sawa na sarafu iliyofutika maandishi. Mori ni hasira ya mpiganaji, nayo humpanda mtu. Kwa "rage" na kwa "fury" ya vitani yafaa sana, ingawa haimfai karani aliyekasirishwa na faili lililopotea.

Kwa "resentment" tunalo neno ambalo hatuoni sababu ya kulitafutia badala, yaani kinyongo. Asili yake, nyongo, yastahili maneno mawili. Waganga wa Kiyunani, na baada yao Galen, walifundisha kuwa mwili una majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba tabia ya mtu hutokana na wingi wa moja kati ya hayo. Kutoka kwa nyongo ya manjano Kiingereza kilipata "choler", neno la kale la hasira. Kutoka kwa nyongo nyeusi kilipata "melancholy". Elimu hiyo hiyo ilifika pwani yetu kwa mkono wa waganga wa Kiarabu, ikaacha balghamu na safura, ijapokuwa safura imehama siku nyingi na sasa ni jina la maradhi ya upungufu wa damu. Waswahili na Waingereza, basi, wamekubaliana kwamba hasira hukaa katika nyongo. Tofauti ni kwamba "choler" ya Waingereza ilikuwa hasira ya papo hapo, hali kinyongo chetu ni hasira iliyolala.

Lililobaki ni "indignation", ambalo lilimshinda ndugu yetu. Wako wasemao hasira ya haki, na katika mahubiri maneno hayo hukubalika. Lakini sikilizeni watu wasemavyo wanapoona mjane akinyang'anywa shamba: hawasemi kwamba wana hasira ya haki, husema kwamba wanaona uchungu. Uchungu wa namna hii una mambo yote yatakiwayo na neno la Kiingereza, yaani kuna dhuluma, kuna mdhulumu, na yule aonaye uchungu aweza kuwa hakudhulumiwa yeye mwenyewe. Hatari yake ni moja tu: uchungu ni pia maumivu ya mwili, na ni pia uzazi. Hatari hiyo haimsumbui msomaji wa Kiswahili, ambaye sentensi humwonyesha njia. Humsumbua yule atafsiriye kwenda Kiingereza, na tutaona jinsi gani.

Juu ya haya yote kuna mnyambuliko, ambao ni hazina yetu kubwa na ambao orodha za maneno haziwezi kuuonyesha. Mtu aliyekasirika hatuambiwi nani alimkasirisha. Aliyekasirishwa ana mkasirishaji. Aliyemkasirikia mwenzake ameielekeza hasira yake mahali. Vilevile kuna vitenzi vya kupatwa. Mtu hushikwa na hasira, hupandwa, huingiwa, hujawa. Katika semi hizi zote hasira ndiyo itendayo na mtu ndiye atendwaye, na hapo ndipo Kiswahili cha kila siku kinapokutana na "passion" ya Walatini, bila ya mtu yeyote kuwa amefundishwa Kilatini. Kusema "ana hasira" na kusema "ameshikwa na hasira" si mamoja: la kwanza lataja hali, la pili lataja tukio.

Hisia nyingine

Hatukusudii kupitia hisia zote, ila mifano michache itaonyesha kuwa yaliyosemwa juu ya hasira yahusu na nyingine. "Anguish" latokana na neno la Kilatini la wembamba, mahali pa kubanwa. Dhiki yetu yatoka katika neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo, na hapa mfasiri aweza kutembea moja kwa moja. "Horror" ni kusimama kwa nywele, nasi husema malaika yamesimama, au mwili umesisimka. Kuandika "hofu kuu" ni kuacha mwili nyuma. "Astonish" asili yake ni ngurumo ya radi, na anayepigwa na butwaa kwa Kiswahili hupigwa kweli. "Envy" kwa asili yake ya Kilatini ni kumtazama mtu kwa jicho baya, hivyo ni kijicho hasa, au husuda. "Jealousy" ni wivu. Waingereza wengi siku hizi huyachanganya maneno hayo mawili, nasi tumeanza kuwafuata, hali lugha yetu haina sababu ya kuyachanganya.

Katika "grief" yafaa mtu awe mwangalifu. Magazeti yetu yamezoea kuandika kwamba fulani ametangaza kifo "kwa moyo mzito", maneno ambayo yamevukwa mazima kutoka Kiingereza. Mwenye moyo mzito kwetu ni yule asiyeelekea kufanya jambo, kama Farao wa Biblia. Tunazo huzuni, majonzi, simanzi na jitimai, tena tunacho kitenzi kufiwa, ambacho kwa neno moja chataja kifo, aliyebaki, na uhusiano wa hao wawili. Kiingereza hulazimika kutumia maneno kadhaa kufika hapo. Kuhusu "terrific", ambalo kwa asili ni la kutia hofu na ambalo tangu karne ya 19 limekuwa likitumika kwa kusifu, tulikuwa tumejiandaa kuwaonya watangazaji wa mpira wasiseme "bao la kutisha". Tumechelewa: vijana wenyewe husifu kwa kutisha na kwa hatari, na bao limekwisha kuingia.

Liko jambo la kitaaluma litakiwalo kutajwa hapa. Paul Ekman na mwenzake walichapisha mwaka 1971 uchunguzi wao juu ya nyuso za watu wa Fore wa Papua New Guinea, na tangu hapo vitabu vingi vya saikolojia vimefundisha kuwa kuna hisia chache za msingi zilizo sawa kwa binadamu wote, aghalabu sita. Sisi si wanasaikolojia. Twataja tu kwamba majina ya hisia hizo sita ni majina ya Kiingereza, na kwamba Anna Wierzbicka, katika kitabu alichokitoa mwaka 1999, alisisitiza kuwa majina ya lugha moja hayawezi kuwa ramani ya mioyo ya watu wote. Mwalimu atafsiriye kitabu cha saikolojia akikuta "disgust", na ajiulize kwanza kama mwandishi ataja kinyaa cha chakula kilichooza au karaha ya tendo baya, kwani Kiswahili kimetenga mambo haya na Kiingereza kimeyafunga katika neno moja.

Mahakamani

Sasa tumfikie ndugu yetu mwenye penseli. Kifungu cha 201 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na kifungu cha 207 cha sheria kama hiyo ya Kenya, vyasema jambo moja. Mtu aliyeua katika hali ambayo ingalikuwa mauaji yastahiliyo adhabu ya kifo, akiwa amefanya hivyo katika kile ambacho Kiingereza chaita "heat of passion", iliyosababishwa na "provocation" ya ghafla, na kabla ya "passion" hiyo kupoa, kosa lake hushuka likawa "manslaughter". Nchini Tanzania adhabu ya kosa la kwanza ni kifo. Ya kosa la pili ni kifungo kisichozidi maisha. Mlango wa kutoka katika kosa moja kwenda katika jingine ni neno la hisia.

Shahidi na mshtakiwa husema Kiswahili. Kwa miaka mingi kumbukumbu katika mahakama za juu zimeandikwa kwa Kiingereza, na ijapokuwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini Tanzania, Kiingereza hakikufungiwa mlango kabisa, na kumbukumbu za zamani bado zasomwa. Kwa hiyo maneno huvuka mto mara mbili: ya mshtakiwa kwenda Kiingereza, na ya sheria kuja Kiswahili. Pande zote mbili kuna mamba.

Natuchukue maelezo tuliyoyatunga sisi wenyewe kwa ajili ya mafunzo. Mshtakiwa asema: "Alinitukania mama yangu mbele ya wanangu. Nikaingiwa na uchungu, nikahamaki, nikaokota ukuni uliokuwa pale mekoni." Katika mazoezi tumeona mara nyingi uchungu ukigeuka "pain", kana kwamba mtu huyo aliumwa mahali, na kuhamaki kukigeuka "I was angry". Tazameni yaliyopotea. Kuingiwa kumepotea, nako ndiko kulikoonyesha kwamba jambo lilimpata. Dhuluma iliyomo katika uchungu imepotea. Na ile -ka- ifungayo kitendo kimoja na kile kilichotangulia, ikionyesha kwamba hapakuwa na nafasi ya kupumua kati yao, imekuwa "and", ambayo yaweza kuunganisha mambo ya asubuhi na ya jioni.

Ubaya waongezeka tukileta maelezo ya pili, ya mtu mwingine kabisa: "Nilikuwa na kinyongo naye tangu matanga ya baba." Mfasiri mwenye haraka ataandika "I was angry with him since my father's funeral". Sasa hakimu ana watu wawili mbele yake, wote wawili "angry". Mmoja alihamaki, wa pili aliweka kinyongo mwaka mzima. Mmoja sheria yamfungulia mlango, wa pili yamfungia. Lakini katika karatasi wamevaa nguo moja. Mfasiri hakusema uongo hata kidogo. Kila neno lake litapatikana katika kamusi.

Tungependa wafasiri wakumbuke pia kwamba sheria yenyewe imewapa uwezo katika jambo hili. Inapoeleza ni tendo au tusi la namna gani liwezalo kumwondolea mtu uwezo wa kujizuia, yatumia kipimo cha mtu wa kawaida, tena yataja wazi kwamba ni mtu wa kawaida wa jamii ile atokayo mshtakiwa. Uzito wa tusi, basi, hupimwa kwa mizani ya jamii, na mizani hiyo haikuandikwa kwa Kiingereza. Mfasiri anayelainisha tusi kwa kuona haya, akaandika kwamba marehemu "alisema maneno mabaya", ameondoa ushahidi. Tusi liandikwe lilivyotamkwa, kwa Kiswahili, na tafsiri ifuate kando.

Sheria kuja Kiswahili

Kwa "heat of passion" tumeshuhudia "joto la shauku", ambalo twaomba lizikwe kimya kimya. Wengine wamependekeza jazba. Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kuvutwa, na lilitumika kwa mtu aliyezama katika dhikri hata akajisahau. Leo hutumika kwa kila mwenye kupandwa na hisia, awe jukwaani, uwanjani au nyumbani. Upana wake wafanana na ule wa "passion", na ndio ubaya wake katika sheria, kwani mtu huweza kuwa na jazba ya furaha. Sisi twaelekea kwenye hamaki. Neno hili lina ughafla ndani yake, na asili yake ya Kiarabu yahusiana na upumbavu, yaani kutokwa na busara, ambalo ndilo hasa sheria italitafuta. Kasoro yake ni kwamba hamaki hutokea lakini haisemwi kuwa hupoa. Kipoacho ni hasira. Tumeonelea basi tutumie maneno mawili pale Kiingereza kitumiapo moja mara mbili: mtu aliyetenda katika hamaki, iliyosababishwa na kughadhibishwa kwa ghafla, kabla hasira yake haijapoa. Wapo watakaosema kuwa istilahi moja haina budi kuwa na neno moja. Katika kemia twakubali.

"Provocation" twapendekeza iwe kitendo cha kughadhibisha, wala si uchokozi. Mtoto humchokoza mbuzi kwa kijiti. Uchokozi ni wa kuanza ugomvi, mdogo au mkubwa, na hautuambii lolote juu ya kilichotokea moyoni mwa aliyechokozwa.

Magumu hasa ni "manslaughter" na "malice". La kwanza limezoeleka katika magazeti na vinywani kuwa kuua bila kukusudia, na kwa ajali za barabarani na uzembe yafaa. Katika kifungu tukizungumziacho halifai hata kidogo. Aliyehamaki akapiga kwa shoka aweza kuwa alikusudia kuua katika dakika ile. Sheria haimpunguzii kosa kwa kuwa hakukusudia, humpunguzia kwa kuwa kusudi lake lilizaliwa na hamaki. Jamaa za marehemu wanaposikia hukumu ikisomwa kuwa aliua bila kukusudia, nao walihesabu majeraha, hutoka mahakamani wakiamini kwamba wametukanwa. Na mshtakiwa mkweli, akiulizwa kama akubali kosa la kuua bila kukusudia, aweza kujibu kwamba alikusudia, ila alikuwa ametukaniwa mama. Karani naye aandike nini?

"Malice" katika mazungumzo ya Waingereza ni hisia: ni inda, ni hiana, ni chuki. Katika sheria si hisia kabisa, ni nia ya kuua au ya kudhuru vibaya, au kujua kwamba tendo huenda likaua. Amwuaye mgonjwa wake kwa kumhurumia hana chuki hata chembe, lakini sheria yasema anayo "malice". Tafsiri itumiayo chuki, na tumeiona, humtaka mwendesha mashtaka athibitishe jambo ambalo sheria haikulidai, na humpa mtu aliyeua bila kumchukia marehemu utetezi asiostahili. Nia ovu ni afadhali, ingawa ovu bado lanuka hisia. Nia ya kuua, kwa upande mwingine, ni finyu mno, kwa kuwa yaacha nje nia ya kudhuru. Mapendekezo ya wasomaji wetu, hasa mahakimu na makarani wa mahakama za mwanzo, ambao wamesema sheria kwa Kiswahili kwa miaka mingi, yatapokewa kwa shukrani kabla jambo hili halijapelekwa katika kikao cha istilahi.

Orodha ya ndugu yetu tumemrudishia. Mbele ya "wrath" tumeandika ghadhabu, mbele ya "resentment" kinyongo, na mbele ya "indignation" uchungu. Mbele ya yale matatu ya juu tumefuta penseli yake, hatukuandika kitu, nasi tumemwomba atuletee sentensi alimoyakuta.